Mshahara wa Kwanza na Firigisi Iliyopotea Njia

Mlango wa kiangulio unafunguliwa na kelele zinatoka kabla ya joto. Vifaranga elfu mbili na ushee, wengine bado na maganda mgongoni, wanalia kwa pamoja, na Priscah Cheptoo anawapokea trei baada ya trei. Anawahesabu mia mia na kuwapanga kwenye katoni zenye matundu, huku mdomo wake hautulii. Huyu anaitwa bwana harusi, yule anaambiwa aache kusukuma wenzake.

Saa moja asubuhi pikipiki tatu zinasubiri nje. Moja inaelekea Matungu, nyingine Matete, ya tatu Navakholo. Katoni zinatakiwa kufika kabla jua halijawa kali, kwa hiyo hapa hakuna chai mpaka pikipiki ya mwisho iondoke.

"Vifaranga hawangojangi mtu," anasema Cheptoo akifunga katoni kwa kamba.

Ana umri wa miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Lugari, ambako wazazi wake wanalima mahindi. Kituo hiki cha kuangua vifaranga kiko nje kidogo ya mji wa Kakamega na wafanyakazi wake wote ni tisa. Aliajiriwa Februari mwaka huu kwa majaribio ya miezi sita, mshahara shilingi 15,000. Miezi hiyo ikiisha, angepewa kazi ya kudumu au angeshukuriwa na kurudishwa nyumbani. Uamuzi ni wa meneja, ila meneja huyo hamwajiri mtu kabla ya kumsikiliza mzee Shikanga.

Shikanga, mwenye miaka hamsini na tisa, ndiye msimamizi wa viangulio. Humfundisha kila mgeni kumulika mayai kwa tochi, ili kujua lipi lina uhai na lipi ni viza. Si mwepesi wa kusifu. Ukifanya vizuri anakohoa mara moja, ukikosea anakohoa mara mbili.

Kwa mwezi mzima Cheptoo alikuwa akikoholewa mara moja, si mara mbili, na furaha yake haikuwa na kifani. Kisha mshahara wa kwanza ukaingia.

Kituo kina desturi yake. Mgeni akipokea mshahara wa kwanza huwapikia wenzake kuku. Hakuna aliyeiandika popote na hakuna aliyewahi kuikwepa. Mtu angedhani kwamba watu wanaoshinda na vifaranga kutwa nzima wangekuwa wamewachoka kuku, lakini hapa ni Kakamega. Ingokho, yaani kuku, ikitajwa, hata mgonjwa huketi.

Cheptoo aliagiza jogoo mmoja mkubwa wa kienyeji wa shilingi 2,000. Angeishia hapo, mambo yangekuwa sawa. Lakini akaongeza nyama ya ng'ombe kilo tatu, mchele, na soda ya kila mtu. Kodi ya chumba ilikuwa 3,500, karo ya mdogo wake 4,000, na michango ya harusi na matanga ilikuwa imeshamega sehemu yake. Pengo lililobaki alilijaza kwa mkopo wa simu wa shilingi 4,000.

"Nilitaka wanipende," anasema bila kuona haya. "Niliona kila mtu amezoeana na mwenzake, mimi ndiye mgeni. Nikasema hawa nitawamaliza na chakula."

Walikula Jumamosi mchana nyuma ya stoo, Cheptoo mwenyewe akigawa. Na hapo ndipo firigisi ilipopotea njia.

Huku firigisi huitwa imondo, na yeyote aliyekulia kwa Waluhya au jirani nao anajua kwamba haitupwi tu kwenye sahani yoyote. Ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote waliopo. Cheptoo naye alijua. Majirani zao Lugari ni Waluhya, na ameziona imondo zikipelekwa kwa wenyewe tangu utotoni.

"Nilijua ni ya mkubwa," anasema. "Nikaangalia pale, nikaona mkubwa ni meneja. Si yeye ndiye hulipa watu?"

Akampakulia Griffin, meneja wa miaka thelathini na mmoja aliyelelewa Nairobi. Griffin aliitia mdomoni akisoma ujumbe kwenye simu, akaitafuna, akaendelea kusoma. Wengine wote waliinamia sahani zao. Mzee Shikanga, ambaye umri wake unatosha kumzaa meneja, alimaliza obusuma, ugali wake, akashukuru vizuri, akanawa, akaenda kukagua mayai ambayo hayakuhitaji kukaguliwa.

Griffin hucheka sana akikumbushwa siku hiyo. "Mimi nilidhani ni ini," anasema.

Kuanzia Jumatatu iliyofuata kikohozi kikakoma. Mzee alimsalimia Cheptoo kila asubuhi kama kawaida, "mulembe" na habari za nyumbani, lakini tochi alibaki nayo mwenyewe na masomo yakasimama. Wenzake walimwonea huruma na wakafunga midomo, maana kumsemea mzee si kazi ya kijana. Cheptoo hakujua kosa lake. Alichojua ni kwamba miezi sita inayoyoma na anayetakiwa kumsemea haongei naye zaidi ya salamu. Mzee alipoenda kunywa chai, yeye alijifunza peke yake kumulika mayai kwa taa ya simu.

Nyumbani hali haikuwa nzuri zaidi. Mkopo ulimkumbusha kwa ujumbe kila siku, na chakula kilikuwa maharagwe mchana na maharagwe jioni. Siku moja alianza kupanga nguo kwenye begi. Iliuma, na hafichi kwamba alilia.

Aliyemwokoa ni Nabwire, anayepokea oda za wateja na ambaye wote wanamwita Mama Shantel. Cheptoo alimfuata mwisho wa Machi.

"Mama Shantel, mzee amenikasirikia nini?"

"Kwani haujui kweli?"

"Sijui."

"Imondo yake ulimpea kijana."

Cheptoo alishika kichwa. Wazo lake la kwanza lilikuwa kukopa tena anunue jogoo mwingine siku hiyo hiyo. Nabwire alimkatalia katakata.

"Kukopa ndiko kulimfikisha pale," anasema Nabwire. "Huyu mtoto mshahara haujaingia, ameshaugawa. Harusi ya mtu hamjui, anatuma. Matanga ya mtu hamjui, anatuma. Nikamwambia, ukiombwa mchango kwa simu, lala kwanza ndio ujibu. Na huyo jogoo, mfuge."

Kila vifaranga wanapoanguliwa, wapo wachache wanaochelewa kutoka au wanaotoka wanyonge. Hao hawapewi wateja, na mfanyakazi anaweza kuwachukua kwa shilingi kumi kila mmoja. Ila kanuni ya kituo ni kwamba mfanyakazi hafugi kuku anakoishi, asije akaleta magonjwa kazini. Kwa hiyo Aprili Cheptoo aliwapeleka ishirini kwa mama yake Lugari, akawa anatuma pesa za chakula na dawa, na ombi lake kwa mama lilikuwa moja tu: akionekana jogoo wa maana, asiuzwe.

Alionekana, mwekundu na mwenye kiburi. Mama huyo anasema kwamba miezi ile binti yake alipiga simu kuuliza habari za jogoo mara nyingi kuliko habari za baba yake.

Wakati huo huo Cheptoo akaanza kulala kabla ya kujibu michango. Baadhi ya watu walinuna wiki moja, kisha wakamsahau na kwenda kumwomba mwingine. Mkopo uliisha Juni. Kuku waliobaki Lugari walipouzwa, alibaki na shilingi 5,700 baada ya gharama zote, pesa yake ya kwanza isiyokuwa na mwenyewe mwingine.

Jumapili moja mwanzoni mwa Agosti, wakati wa majibu ya majaribio ukikaribia, alimbeba jogoo hadi nyumbani kwa mzee Shikanga, Navakholo. Mama wa nyumba alimchinjisha na kumpika. Chakula kilipoiva alimkabidhi Cheptoo bakuli agawe mwenyewe. Safari hii hakukosea sahani.

"Mzee, hii ilipotea njia," alimwambia. "Naomba radhi."

Shikanga aliila polepole. Alipomaliza alikohoa. Mara moja.

Kisha akamwambia kwamba alikuwa ameshaongea na meneja wiki mbili zilizopita, na kazi ni yake.

"Nilikasirika, sitadanganya," anasema mzee huyo. "Lakini nilikuwanga namuona na hiyo taa yake ya simu. Hakuna yai viza lilimpita. Siwezi nyima mtu kazi juu ya imondo. Lakini imondo yenyewe nilikuwa nangojea."

Cheptoo anasema alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na kwamba aibu ya miezi yote ile ilimtoka hapo hapo mbele ya watu.

Leo analipwa shilingi 19,500, na 3,000 kati ya hizo huziweka kando kabla hajagusa kitu kingine. Anataka kufikia mwaka ujao awe na mitetea thelathini bora Lugari, walelewe na mama yake, na mayai yao yaletwe kuanguliwa hapa. Griffin amekubali kuyanunua yakifikia viwango. Wafanyakazi wapya wawili wanaingia mwezi ujao, na Cheptoo ameahidi kuwaambia mapema nani ni nani mezani.

Kilichobaki ni majogoo wa mbegu, na hao hawachaguliwi na mtu yeyote tu. Mzee Shikanga anastaafu mwaka huo ujao, na amekubali kwenda Lugari kuwachagua mwenyewe.

Akiulizwa atalipwa nini kwa kazi hiyo, mzee anamtazama Cheptoo anayefunga katoni ya mwisho.

"Huyo," anasema, "sasa anajua kipande changu."