Mgeni Aliyeoneshwa Wazee Watulivu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hajui kukaa akisubiri mambo yajipe. Mama yake alipoanza kusahau, akawa anatoka peku alfajiri akidai anarudi kwao, wifi hakushika tama. Alikodi nyumba ya vyumba vinne akaigeuza mahali ambapo wazee waliopoteza kumbukumbu wangeshinda mchana, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Ungeipenda nyumba ile. Kabati la vikombe lilibandikwa picha ya kikombe, mlango wa choo picha ya choo. Mlango wa kutokea ulipakwa rangi ileile ya ukuta ili wazee wasiuone. Asubuhi walipewa kapu la taulo wazikunje. Wakimaliza, tunalipeleka jikoni, tunazivuruga, tunawarudishia, nao wanaanza upya kwa moyo mkunjufu. Mama mkwe alikuwa bingwa wa kukunja, na wa ugomvi pia. Ukigusa kapu lake, unarushiwa kikombe. Siku nyingine alivua nguo mbele za watu. Wifi, binti yake wa kumzaa, alimdhania mpishi tu, tena mpishi mbaya.

Shida ilikuwa pango na mishahara ya walezi. Familia zilichangia kwa kusuasua, akiba ya wifi ikakauka. Bila ruzuku, nyumba isingevuka mwaka. Na wifi aliomba ruzuku kwa kubahatisha. Mfuko wa kufadhili upandaji miti aliuahidi miche uani. Mfuko wa vijana aliuambia kwamba wazee wetu ni washauri wa vijana, wakati hawakujua hata wamekula nini. Wote walimkatalia. Mimi nilishakuwa karani katika ofisi inayopokea maombi ya aina hiyo, nikaona bora nimpasulie.

"Wifi, unajipendekeza kwa kila mtu. Tafuta mmoja ambaye shida yake ni hii yako. Mpigie kabla hujaandika, muulize anataka nini. Halafu sema unamhudumia nani, na akishafika kwako kinabadilika nini."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Na usijipake rangi."

Akanisikia. Tukapata mfuko wa wazee waliopoteza kumbukumbu, tukaandika ombi bila kutia chumvi. Wakatujibu kwamba watamtuma mtu aje aone kazi.

Siku ya mgeni nilifika nikakuta picha zimebanduliwa, taulo hazipo, maua ya plastiki kila meza. Wazee sita watulivu walikuwa wamevalishwa sare kama wanakwaya. Mama mkwe sikumwona.

"Mama yuko wapi?"

"Chumba cha nyuma, na mlezi."

"Umemfungia?"

"Wifi, akimrushia mgeni kikombe tumekwisha!"

Kabla sijafungua mdomo, mgeni akapiga hodi.

Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye maswali mengi. Tukiwa kwenye chai, mlango wa nyuma ukaanza kupigwa, na sauti ya mama mkwe ikaita jina alilompa wifi utotoni kwa sababu ya kuropoka kwake. Hatukuwa tumelisikia kwa miaka.

"Chiriku! Chiriku wangu, nifungulie!"

"Nani huyo?" mgeni akauliza.

Wifi akatabasamu. "Ni kwa jirani. Wana mgonjwa."

Baada ya majuma machache mgeni alipiga simu. Wifi akaiweka spika.

"Nyumba yenu ni nzuri. Lakini mfuko huu ni wa wale waliozidiwa, wanaokataliwa kila mahali. Wenu bado wanajiweza. Samahani sana, mama."

"Mwambie!" nikanong'ona. "Mwambie habari za mama!"

Akaziba simu kwa kiganja. "Nimwambie nini? Kwamba mama yangu aliniita nikamkana?" Akakata.

Nilimpigia mgeni mwenyewe, nikamweleza yote. Alisikitika, lakini fedha zilikuwa zimeshatolewa kwa wengine. Nilimkasirikia wifi mpaka nilipomkuta chumba cha nyuma, kwenye sakafu, akilia kwa kwikwi. Hasira ikaniishia. Uchungu haujaniisha mpaka leo.

Tulifunga, wazee wakabaki majumbani kwa watoto wao. Nyumba ile sasa ni stoo ya vipuri vya magari. Wifi anaishi na mama yake, na kwake ameng'oa makomeo yote. Mama akitaka kutoka anatoka, na yeye humfuata nyuma.

Juzi asubuhi nimekutana nao barabarani. Mama mkwe alikuwa amechana nywele, anatembea kwa haraka.

"Mnakwenda wapi, mama?"

"Kwa wenzangu. Na wewe unanichelewesha."

Nikafuatana nao hadi kwenye geti la stoo. Mama mkwe akagonga, akangoja, akagonga tena. Mlinzi alituona, akainamisha uso, wala hakuuliza tunataka nini. Wifi akamshika mama yake mkono.

"Leo sikukuu, mama. Wamefunga. Tutakuja kesho."