Miguu Minne ya Spoki

Rukaya binti Abdulnasiri alihudumia mitambo ya simu hapa Dodoma kwa miaka ishirini na mmoja, kisha mwaka 1995 akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Wenzake walipokea barua wakalia. Yeye aliomba apewe sanduku la rilei kuukuu zilizokuwa zinatupwa, zile swichi ndogo zinazojifunga na kujifungua kwa umeme, akalibeba kichwani mpaka nyumbani kwake Makole. Mimi jirani yake, ukuta kwa ukuta, nilidhani amebeba misumari.

Mume hakuwa naye tena, na mtoto hakujaliwa. Asubuhi alitengeneza redio za watu barazani, na kwa kuwa mkono wake ulisifika, hakulala njaa. Lakini ikishapita sala ya adhuhuri hakugusa redio ya mtu. Ungemkuta juu ya jamvi, analehemu nyaya kwenye vipande vya mbao vyenye ukubwa wa kiberiti, kila kimoja na rilei yake na kapasita yake ya kushikilia umeme kidogo.

"Kila kipande kina kazi moja tu," alinieleza. "Kinaamka, kinasukuma mguu, kinalala. Kikilala, kinamwamsha jirani yake. Vipo vinne, wa mwisho anamwamsha wa kwanza. Basi, mashine inatembea."

"Na akili yake iko wapi, Rukaya?"

"Haina. Wanaamshana tu."

Mota mbili alizitoa kwenye redio kaseti zilizokufa. Tangu enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, maduka yalijaa redio za bei rahisi ambazo hazikumaliza mwaka, na Bhagwati, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vipuri, alimwekea mbovu kwenye gunia. Miguu ilikuwa spoki za baiskeli zilizopindwa kwa koleo. Siku ilipotembea mara ya kwanza, tk, tk, tk, tk, kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi wa maji, nilipandisha miguu juu ya kiti kama niliyeona nge.

Kaka yake mkubwa, Shaban, muuza mitumba, hakufurahi. Alikuja siku moja ya Julai mwaka 1996, akasimama barazani bila kuketi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimekuandikisha kwenye maonyesho ya miradi midogo. Maandazi. Meza yako ipo."

"Umeniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi nimekataa bila kuulizwa."

"Rukaya! Watu wananicheka sokoni, eti dada yangu anafuga wadudu wa chuma. Mtu aliyepunguzwa kazi anatakiwa aonekane anahangaika."

Rukaya aliweka chini kichomeo chake. "Nimehangaika miaka ishirini na mmoja nikiwaunganisha watu wazungumze. Alasiri ni yangu. Sitaikaangia maandazi."

Shaban aliondoka bila kuaga. Nilidhani yameishia hapo. Lakini siku ya maonyesho, mimi nikiwa nimepanga sabuni zangu uwanjani, nilimwona Rukaya anakuja, kanga mpya, kapu mkononi. Akaenda moja kwa moja kwenye meza iliyoandikwa jina lake, akatoa ile mashine akaiweka katikati.

Katibu wa maonyesho, Bwana Silvano, alipita na daftari lake.

"Mama, maandazi yako wapi?"

"Sikukaanga."

"Na hii ni nini?"

"Inatembea."

"Naona. Ina kazi gani?"

"Nimekwambia, baba. Inatembea."

Watu walianza kusogea. Silvano hakuwa mtu mbaya, alishusha sauti. "Mama yangu, nisaidie nikusaidie. Niandike ni mwanasesere wa watoto, unatafuta wateja. Nitakuachia meza."

"Usiandike uongo kwa ajili yangu. Andika: mashine ya kutembea, haiuzwi."

"Hapa ni mahali pa miradi. Kisichouzwa hakina meza."

"Haina haja ya meza," alisema Rukaya. "Ina miguu."

Akaichukua, akaiweka chini kwenye vumbi, akaunganisha betri za tochi. Ilipiga hatua tatu, ikazama kwenye mchanga laini, ikabaki inapapasa papo hapo. Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti kwamba hata ng'ombe wa Kigogo mwenye kiu anatembea vizuri zaidi. Nilitamani kumfunika Rukaya kwa kitambaa changu cha meza.

Yeye alichutama. Alichomoa kipande cha pili, akatoa kingine kapuni, chenye kapasita kubwa zaidi, akakichomeka mahali pake. Hatua ya mguu ule ikawa ndefu. Mashine ikajivuta, ikakwama, ikajivuta tena, ikatoka mchangani. Ikapita mbele ya sabuni zangu, mbele ya vikapu, mbele ya mwenye asali, na kicheko kikafifia njiani. Upepo ulikuwa mkali, nayo ikaukata ikitikisika, mpaka ilipofika kwenye kamba iliyolazwa chini kuwa mpaka wa uwanja, ikainua mguu, ikavuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Silvano alikuwa ameshafuta jina la Rukaya, na meza akapewa mshona makoti. Rukaya alikaa nje ya kamba hadi jioni, akiwajibu waliouliza.

Shaban alisikia yote, na hakukanyaga kwa dada yake mpaka Idi. Alikula pilau, akatazama miguu sita ya mashine mpya iliyokuwa jamvini, akasema tu kwamba nyama imeiva vizuri.

Mwaka uliofuata Rukaya alipeleka ombi lake mwenyewe. Nililiona: kwenye nafasi ya bidhaa aliandika "mashine ya kutembea", kwenye nafasi ya bei akapiga mstari. Likarudishwa. Mwaka 1998 akapeleka lingine, kwa herufi kubwa zaidi.