Kelele Haitaisha Bunia

Mwanangu Neema, kaa hapa karibu. Nimetoka kazini, miguu inaniuma, sina nguvu ya kupaza sauti. Jana nilikukuta umefunga dirisha, umewafukuza wadogo zako, umeziba masikio kwa kitambaa, unasomea mtihani wako. Sikukukemea. Nilikuangalia tu, na nikakumbuka asubuhi moja ya zamani, nilipokuwa na umri wako na nikaenda kufanya mtihani wa kuingia shule ya uuguzi hapa hapa Bunia.

Tulikuwa tumekimbia vita kutoka Djugu, mimi, bibi yako na mjomba wako, tukaishi kambini pembeni ya mji. Bibi yako aliamua kwamba mimi nitavaa blauzi nyeupe ya hospitali, na akisha kuamua, unamjua. Kisha tukaambiwa kwamba mtihani haufanywi tena kwa karatasi, ni kwa kompyuta. Siye kule kambini tulisema "mashini" tu, maana hakuna aliyewahi kuigusa.

Kwa bahati, parokiani kulikuwa na mashini moja kuukuu, na sista mmoja aliniruhusu kujifunzia mchana, watu wote wakiwa wamepumzika. Nikajua kusukuma ile suri, kile kipanya cha mashini, kwa mkono, kubofya jibu, kurudi kwenye swali nililoruka. Chumba kilikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Nikajiona niko tayari.

Siku yenyewe tuliingizwa katika jumba la mabati kando ya barabara kubwa. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta. Pikipiki zilipita bila kukoma. Msichana wa kushoto kwangu alisoma kila swali kwa kunong'ona, na helikopta ya walinda amani ikapita juu yetu, mabati yakatetemeka. Kwenye kioo cha mashini, saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Nilisoma swali la kwanza, nikalirudia, maneno hayakuingia. Halafu nje, bomba la pikipiki likalipuka kama risasi: paa! paa!

Mwanangu, hakuna aliyefikiri. Wale waliozaliwa mjini waligeuza shingo tu. Siye tuliotoka kule tulijikuta chini ya meza.

Kando yangu pale chini alikuwepo mwanaume mwenye mvi, koti lake limepauka. Asubuhi vijana walikuwa wamemcheka mlangoni, wakimwuliza kama amemsindikiza mjukuu wake. Naye alikuwa amejikunja kama mimi.

"Binti," akaniambia, "iko pikipiki tu. Angalia, musimamizi anasimama pale. Inuka, turudi ku kiti."

Aliinuka yeye. Mimi nilitoka nje nikalia. Niliporudi, muda ulikuwa karibu kwisha, nikabofya ovyo mpaka kioo kikafunga.

Majibu yalipobandikwa, sikuwemo. Yule muzee naye hakuwemo. Alikuwa anaitwa Anselmi, mwalimu wa shule ya msingi kule Bogoro. Nikaanza kumlalamikia pale pale ukutani: kwa nini watuweke kando ya barabara, kwa nini jenereta, kwa nini helikopta. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Uko na haki," akasema. "Lakini utafanya nini? Kelele haitaisha Bunia. Na kule hospitali unataka kuingia, unazani batu bananyamaza? Mugonjwa akipiga kelele, weye utatoka inje ulie?"

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba hajui tuliyoyaona. Kabla sijafungua mdomo, akaniambia kwamba kituo cha afya cha kwao kilichomwa, na muuguzi akakimbia. Mke wake aliposhikwa na uchungu, walimbeba kuja Bunia. Hakufika. Ndiyo sababu mwalimu mzima alikuwa anapanga foleni na watoto, ajifunze kuzalisha.

Nikamwuliza anajifunzia wapi.

Tangu hapo tulijifunza pamoja. Yeye hakutaka parokiani. Alinipeleka sokoni, kwenye kibanda cha kompyuta za kukodi kilichobanana na mashine ya kusaga unga. Ukuta ulitetemeka, vumbi la unga liliingia mpaka puani. Nikiwa katikati ya swali, alipiga meza kwa kiganja: paa! Nikishtuka, alisema, "Mikono ku meza. Pumua. Soma swali tangu mwanzo." Nilimchukia, sikufichi. Kuna siku nilirudi kambini nimeapa sitamwona tena, na kesho yake nikarudi. Halafu siku moja alipiga meza, nami nikabofya jibu langu kwanza, ndipo nikamgeukia. Alicheka sana siku ile.

Katika mtihani wa pili, umeme ulikatika. Vioo vyote vikawa vyeusi, watu wakapiga makelele, kijana mmoja akabamiza kibodi. Lakini Muzee Anselmi alikuwa amemwuliza msimamizi mapema itakuwaje moto wa umeme ukipotea, tukajua majibu yanabaki ndani. Niliweka mikono mezani. Moyo ulikuwa unapiga, ndiyo, na nikauacha upige. Mashini ilipowaka, nilisoma swali tangu mwanzo.

Nilipita. Yeye hakupita.

"Kelele haikunishinda," akaniambia. "Kemia njo imenishinda. Nimechoka, binti. Ninarudi kwetu nifundishe batoto." Akanishika mkono, akapanda gari la Bogoro. Mpaka leo, mama akipiga kelele chumba cha kuzalia na wenzangu wamechanganyikiwa, naweka mikono yangu mahali pake kwanza, napumua. Na bado naona haikuwa haki mimi niingie, yeye abaki nje.

Basi, mwanangu, nisikilize. Soma masomo yenyewe kwanza, maana utulivu peke yake haujibu kemia. Halafu nenda ukasomee mahali penye watu, uzoee. Nawe utafanya kwa mashini, basi ishike kabla ya siku yenyewe. Ukifika, uliza umeme ukikatika itakuwaje, na suri yako ikigoma inua mkono mara moja, usione haya. Usiangalie kioo cha jirani. Na kitu kikikushtua, usijilaumu kwa kushtuka. Mwili wetu umejifunza hivyo kwa sababu zake. Ngoja, pumua, anza swali upya. Ukishindwa, utarudi hapa, chakula chako kitakuwepo.

Mungu aliyetutoa kule wazima akutangulie. Aitulize mikono yako, aifungue akili yako, akupe watu wema pembeni yako. Nenda na amani, mwanangu.