Kiazi cha Kwanza cha Bibi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye baridi ya Njombe, utamu wote wa dunia ulikuwa jikoni kwa bibi. Tulitoka shule vidole vimekufa ganzi, masweta yametoboka viwiko, tukakimbilia moto wake. Bibi mzaa baba alipakua viazi vinavyofuka mvuke, lakini cha kwanza hakikuwa cha mtu. Alikimega, akaweka kipande nyuma ya mafiga, akawaita marehemu wakwe zake kwa majina wampelekee shukrani Nguluvi, ndivyo Wabena tunavyomwita Mungu. Cha pili kilikuwa changu.

Baba, mzee wa kanisa la Kilutheri, hakutaka kusikia. "Mungu ni mmoja!" alifoka. "Wanangu hawatakula chakula cha mizimu!" Akatupiga marufuku kukanyaga jikoni kwa mama yake. Jamani, nililia! Kipupwe chote mama na mwana waliishi ua mmoja bila kula pamoja, nami nikaona kama nimefiwa.

Mchungaji aliposikia, alikuja, akamwomba baba waingie wote jikoni. Nikajipenyeza nyuma yao.

"Kamwene, Bibi," mchungaji alisalimu, akaketi kwenye kigoda. Bibi akamega kiazi kama kawaida yake, akaweka kipande nyuma ya mafiga na kuwaita wakwe zake.

"Hao unawatuma kwa nani?" mchungaji akauliza kwa upole.

"Kwa Nguluvi. Mimi ni nani hata nimwendee mwenyewe?"

"Ndiye huyohuyo tunayemwomba kanisani, Bibi, hakuna mwingine. Ila hayuko mbali hata atumiwe wajumbe. Yupo hapa, anakusikia. Mwambie mwenyewe."

Bibi aliukazia moto macho. Kisha akakiokota kile kipande, akakipangusa majivu, akampa baba. "Nguluvi, asante," alisema, bila kumtaja mwingine. Baba alikila huku machozi yakimtoka. Pasaka iliyofuata bibi akabatizwa, na mimi nikarudi kwenye moto wake.

Leo naishi Makambako, malori ya Zambia yakinguruma usiku na mchana. Wajukuu wangu wakiletewa chipsi, wa kwanza kuhudumiwa ni simu: picha hii, picha ile, mpaka chakula kinapoa. Huwatania kwamba mizimu ya bibi haikuwa na madaha kiasi hicho. Wanacheka, nami nacheka, ingawa moto ule siwezi kuwarudishia. Lakini tukiinamisha vichwa, nasema maneno yaleyale mawili ya bibi. Kisha kipande cha kwanza nampa yule niliyekosana naye siku hiyo.