Baba Asha Watatu

Honi ya meli ililia mara moja usiku, na mabaharia wakashika ngazi tayari kuivuta. Tulikuwa bandarini Unguja, tunarudi Pemba. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Wingwi na watoto wake, waliokuja kutembezwa mji ili wajifunze. Mumewe alikuwa ameirudia ramani ya dunia, aliyowanunulia watoto akaisahau kwa mwenyeji wao. Sasa tulimwona chini, ramani kwapani, akiiendea meli nyingine.

"Baba Asha!" mama aliita.

Wanaume watatu waligeuka. Mumewe, mmoja wao, aliwaona wenzake wamegeuka, akadhani haitwi yeye, akaendelea na njia yake.

"Bibi, mtaje jina!" alisema baharia.

"Mume hatajwi jina."

"Basi atabaki huku mpaka meli ijayo."

Asha akamvuta buibui. "Mama, mwite!"

Siku tatu watoto wale walifundishwa majina ya miji, ya samaki na ya masultani. La baba yao hawajapata kulisikia kinywani mwa mama. Mama alijifunika uso kwa buibui, akainama ukingoni.

"Makame! Makame wa Kombo!"