Nani Alivuta la Pili

Mmenikalia kichwani tangu juzi, andika, andika, kana kwamba nilizaliwa na kalamu mkononi. Haya, naandika, na atakayecheka herufi zangu aje azinyooshe mwenyewe. Ni habari ya mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, yule ambaye mtaa mzima unamwita Bisibisi.

Bisibisi na mumewe ni mafundi wa makabati ya kompyuta, yale marefu ya chuma yanamopangwa masanduku ya diski, na ofisi huweka humo kumbukumbu zao. Sanduku moja ni zito kama gunia la saruji. Kwa hiyo hulinyanyua wawili, huyu kulia huyu kushoto, mmoja akihesabu kwa sauti. Zito hukaa chini kabisa. Na likishawekwa kwenye reli zake, huvutwa moja tu. La pili halitoki mpaka la kwanza lirudi ndani, maana kabati likielemewa mbele linakuja lote. Bisibisi aliimba neno hilo mpaka mumewe akamwita kasuku.

Siku ile katika ofisi ya maji, kasuku alikuwa amepiga magoti pembeni akikaza skrubu. Mumewe, bwana mkubwa, ana haraka zake. Akavuta sanduku la juu, akaliacha linaning'inia, akavuta na la pili. Miguu ya mbele ya kuzuia kabati hata hakuwa ameitoa. Kabati likainama. Bisibisi akaruka, akalikinga kwa bega mpaka mumewe alipoyasukuma masanduku ndani. Bega likateguka.

Mkuu wa ofisi alikuja mbio kuuliza kelele ni za nini. Mwanangu, niliyemnyonyesha mimi, akajibu kwamba mkewe ndiye aliyevuta mawili, na yeye alishamkataza. Mwenzake anauma meno kwa maumivu, yeye anajipangusa vumbi. Akaja kunisimulia hivyo hivyo huku akila chakula cha huyo huyo mke. Kikawa kichekesho chake, hata msibani alikitoa. Bisibisi akaacha kusema naye. Chumvi waliombana kupitia watoto.

Bega lilipopona, ofisi ile ikaagiza sanduku jingine. Wakaenda, kila mtu na upande wake wa barabara. Mlangoni mkuu akamwambia Bisibisi, "Mama, wewe kaa nje safari hii, usije ukatuangushia tena." Mumewe akacheka.

Alicheka. Hapo damu ikamchemka mwanamke yule. Akampita mkuu, akaingia, akasimama mbele ya sanduku na kukunja mikono.

Mumewe akainama, akashika upande wake, akangoja. Akatoa diski zote ili lipungue uzito, akaziwekea alama. Bado reli ni mbili, na yeye hana mikono minne. Akamtazama mkuu, mkuu akatazama shati lake jeupe.

"Shika basi, mama watoto."

"Nani alivuta la pili?"

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani umeshaongea sana. Sema hapa, huyu akisikia."

Akanong'ona kitu.

"Sisikii, feni zina kelele."

"Mimi ndiye niliyevuta yote mawili, bosi. Yeye alilizuia, ndipo bega likateguka."

Mkuu akasema kumbe, akayapeleka macho sakafuni. Bisibisi akaitoa miguu ya kabati kwa mkono wake, akaitikisa kuona imeshika, akaenda kushoto, akahesabu, moja, mbili, tatu. Sanduku likakaa chini, mahali pake.

Hajamsamehe, na mimi sitamwomba. Tangu siku ile anayehesabu ni yeye. Mume anazunguka kukanusha kichekesho chake nyumba kwa nyumba, na mashangazi bado hajawafikia, anajificha.

Sasa wewe unayesoma, najua ulikicheka na ukakipeleka mbele. Nenda kwa kila uliyemsimulia, umwambie nani alivuta la pili. Kisha uje uniambie hapa, uso kwa uso. Simu sipokei.