Siku Mwajabu Alipokataa Kulinda Mizigo

Mwajabu ana miaka arobaini na moja na ni fundi cherehani Mbagala Zakhiem. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa na miaka mitatu, baada ya homa iliyomlaza wiki mbili, na tangu hapo anatembea kwa gongo la kwapani. Kwa gongo hilo amesoma hadi kidato cha nne, ameolewa na kuachika, na kila asubuhi anatembea kwenye mchanga kutoka kwao Kizuiani hadi kibandani kwake. Wateja wanamjua kwa mdomo mkali na mishono iliyonyooka.

Kwao wanamjua kwa kazi nyingine. Yeye ndiye anayeachiwa vitu. Harusini wenzake wanampakatisha mikoba ili wakacheze. Sikukuu familia ikivuka kwenda kuogelea Kigamboni, yeye anabaki mkekani na viatu, simu na masufuria. Hakuna aliyewahi kumwamuru. Anakuta tu vitu vimerundikwa mbele yake na watu wameshaondoka. Miaka mingi alinyamaza, akiona kwamba ndiyo namna yake ya kuwa pamoja nao.

Mwaka jana mwezi wa sita, shule zilipofungwa, kaka yao mkubwa, Mbwana, mwenye duka la vipuri vya magari, alitangaza kwamba safari hii familia itaenda Rungwe kuona Ziwa Ngosi, ziwa lililoko juu mlimani katikati ya msitu. Mama yao alisema magoti yake hayawezi safari ndefu. Wengine kumi walikubali: Mbwana na mkewe, mdogo wao Raudha na mumewe, watoto watano, na Mwajabu. Kwa kuwa Rungwe mwezi wa sita ni baridi kali, Mwajabu alisimamisha kazi za wateja wiki nzima akashona makoti kumi ya kitambaa kizito. La kwake alilishona mwisho.

Walikodi basi dogo la Kosta, wakalala mjini Tukuyu, na asubuhi ya pili wakafika mahali ambapo gari haliwezi kuendelea. Ukungu ulikuwa umeshika miti. Wenyeji wanaoongoza wageni walikuwa wamekaa kwenye gogo, na mmoja wao akaeleza kwamba juu ni mwendo wa saa moja, na mwisho kuna mpando mkali. Mwajabu alikuwa ameshashuka, kafunga kilemba, kakaza mpira wa chini ya gongo lake. Mbwana akamsogelea na kumwekea miguuni mfuko wa chakula cha kurudi, chupa ya chai na begi la nguo za watoto.

"Wewe utabaki na gari," alisema. "Njia ya huko si yako."

"Umeiona lini hiyo njia?"

Mbwana alikuwa ameshageuka anahesabu watoto. Bintiye wa miaka tisa, Nasra, aliuliza kwa nini shangazi haendi.

"Shangazi analinda vitu," Mbwana alimwambia, kwa sauti ile ile ambayo mtu anamwambia mtoto kwamba jua linachomoza asubuhi.

Nasra akaridhika. Hicho ndicho kilichomuuma Mwajabu kuliko yote, kwamba mtoto aliridhika. Alimtazama Raudha, ambaye alikuwa amelala naye kitanda kimoja hadi alipoolewa, ambaye alijua kila mlima na kila tope ambalo Mwajabu aliwahi kulipita. Raudha aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Kisha wote tisa wakaingia msituni, wamevaa makoti aliyowashonea.

Alikaa kwenye ngazi ya gari kama robo saa. Anasema hakulia. Akawa anahesabu: harusi ngapi, sikukuu ngapi, pwani ngapi alizoziona kwa mbali juu ya rundo la viatu. Alipochoka kuhesabu alisimama, akavibeba vile vitu hadi kwa dereva aliyekuwa amelala kwenye usukani, akamgongea kioo.

"Vitu vya Mbwana hivi hapa. Mie siyo stoo."

Pale kwenye gogo alikuwa amebaki mwanamke mmoja, Atupele, ambaye akikosa wageni wa kuongoza huuza viazi vya kuchemsha. Mwajabu alimuuliza kama atampeleka juu. Atupele alitazama gongo, akatazama uso wake, akafunika beseni la viazi na kutangulia.

Saa moja ya watu wengine ikawa karibu saa tatu zake. Njia ilikuwa na mizizi, na udongo mweusi ulikuwa unateleza hata bila mvua. Alianguka mara nne. Mara ya tatu alianguka kifudifudi, na Atupele alipotaka kumnyanyua alimkatalia, akajivuta mwenyewe kwa shina la mgomba mwitu. Kiganja kilichubuka hadi damu. Palipokuwa na mpando mkali alimpa Atupele gongo, akatambaa. Kila alipotaka kupumzika alisikia "shangazi analinda vitu", akaendelea.

Alipofika kwenye ukingo, familia, iliyokaa juu muda mrefu ikingoja ukungu upungue, ilikuwa imemaliza kupiga picha na inajiandaa kushuka. Walimwona akitokea kwenye majani, kilemba kimemfunguka, koti limejaa tope. Mbwana ndiye aliyeanza.

"Vitu umemwachia nani?"

Mwajabu alikuwa na pumzi kidogo sana, kwa hiyo alisema polepole, na kila mmoja alisikia.

"Nina miaka arobaini na moja, Mbwana. Hujaniuliza hata siku moja kama naweza. Wala wewe, Raudha. Mmeniweka na viatu vyenu kama mbwa wa mlangoni, halafu mnawafundisha watoto kwamba ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Sasa shukeni. Niacheni nitazame."

Raudha alianza kulia, akataka kumshika bega. Mwajabu aliuondoa mkono wake. Wakashuka.

Ziwa lilikuwa chini kabisa, kijani kibichi, limezungukwa na kuta za msitu, na ukungu ulikuwa unapita juu yake kama mvuke kwenye sufuria. Mwajabu alikaa na kulitazama, na uzuri wake ulimzidishia hasira. Kama angebaki garini, wangerudi Mbagala wamsimulie, wamwonyeshe picha kwenye simu, na yeye angesema mashallah na kuwamiminia chai.

Kushuka kulimtesa zaidi, na sehemu nyingine alishuka kwa makalio. Walimngoja garini hadi saa kumi. Mbwana alinyoosha mkono kumsaidia kupanda. Mwajabu alishika mlango.

Nyumbani mama yao aliipata habari upande wa Mbwana kwanza. Alimgombeza Mwajabu kwa kumwaibisha kaka yake mbele ya watoto na shemeji. Mwajabu alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba radhi yeye mama kwa kumpa wasiwasi, na hakuomba radhi nyingine. Mwezi uliofuata alipanga chumba Charambe, akahamisha kitanda na cherehani yake ya pili.

Mbwana alikuja kibandani mara moja. Alisimama mlangoni, akasema alikuwa anamwogopea, kwamba kama angeumia lawama ingekuwa yake.

"Nilianguka mara nne, na nipo," Mwajabu alisema. "Kama umekuja kwa radhi, usinipe mie hapa peke yangu. Mwambie Nasra, nikiwa nimekaa pale. Mwambie ulikosea."

Mbwana alisema hayo ni mambo ya watu wazima, mtoto haingizwi. Akaaga.

Hadi leo hajamwambia. Kila Ijumaa Mwajabu huenda Kizuiani kumpa mama yake shikamoo na kumkatia kucha. Akimkuta kaka yake sebuleni anamwamkia, anamuulizia mkewe na watoto, anaondoka. Watu wanamshauri ayamalize, damu ni damu. Anawajibu kwamba aliyeyaanzisha wanapajua kwake, wakamwambie yeye.